IST yangu imenusurika kuibiwa usiku: swichi ya siri, GPS au bima kubwa, nianze na ipi?

MamaWawili_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa mafundi umeme wa magari na watu ambao haya mambo yameshawakuta.

Nina Toyota IST ya 2004, ile ya umbo la zamani. Juzi, Jumatano kuamkia Alhamisi, mnamo saa tisa usiku, mbwa wa jirani alibweka mfululizo mpaka nikaamka. Nikachungulia dirishani, sikuona mtu, nikarudi kulala. Alfajiri natoka nimpeleke mama kliniki, nakuta mlango wa dereva umeegeshwa tu. Plastiki ya chini ya stelingi imeng'olewa, swichi ya kuwashia imevunjwa kwa kitu kama bisibisi nene, waya mbili zimechunwa. Redio hawakugusa. Hata elfu nne niliyoiweka kwa ajili ya maegesho ilikuwa pale pale. Walitaka gari yenyewe. Na kwa nini hawakuondoka nayo sijui, kwa sababu mpangaji wa chumba cha mbele anasema alisikia stata (mota ya kuamsha injini) ikizungushwa mara tatu au nne, akadhani ni mimi nahangaika kuiwasha.

Hili ni la pili ndani ya miezi miwili. Mara ya kwanza walinichomolea vioo vya saiti mira kwenye foleni ya Buguruni, mchana kweupe, mwanangu yuko kiti cha nyuma analia.

Hali yangu ni hii. Nyumba ni ya kupanga, tupo wapangaji wanne, geti ni la mtu kupita tu, kwa hiyo gari inalala nje kando ya ukuta. Mume wangu yuko mgodini Geita, anarudi kila baada ya wiki sita. Mama yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kuna siku hali inabadilika usiku wa manane. Gari hii kwetu si ya kutembelea.

Nimejikusanyia laki sita. Kila ninayemuuliza ana lake. Fundi wa mtaani anataka anifungie swichi ya siri, ile ya kuficha inayokata umeme gari isiwake, kwa elfu arobaini. Kaka yangu anasema GPS ya kufuatilia gari lilipo. Bosi wangu anasema niachane na vyote nikate bima kubwa. Kwenye hiyo swichi nina hofu moja: saa nane usiku mama anapumua kwa shida, nageuza ufunguo, gari haiwaki kwa sababu ya kitu nilichokifunga mwenyewe. Hapo sitajisamehe. Mnanishaurije?

Mzaramo_Noah

Pole sana dada, na Mungu amsimamie mama. Mimi naendesha Noah ya abiria, nitasema la vioo tu maana hilo nalijua.

Kioo cha saiti mira ya IST kimeshikwa na klipu za plastiki. Kijana anaingiza bisibisi pembeni, anabinua, kimetoka, na wewe hata breki hujaachia. Kwa hiyo fanya vitu viwili. Chora namba ya gari kwenye kila kioo, vya pembeni na vya milango, pamoja na taa za mbele na nyuma. Namba iwe kubwa, iingie ndani ya kioo, isikae kule ukingoni ambako mtu anaweza kukikata kidogo akakiuza. Kisha mwambie fundi akupigie ribiti kati ya kioo na kava lake. Ubaya wa ribiti ni kwamba siku kioo kikipasuka chenyewe utavunja na kava, lakini mimi nina mwaka wa tatu sijanunua kioo.

Na ukiibiwa tena usinunue kwa yule kijana anayekufuata papo hapo akisema "mama tulia, nakuletea vyako saa hizi". Ukimlipa, umemwonyesha kwamba gari yako inalipa.

FundiWaya

Dada, mpe mama shikamoo yangu. Nina miaka kumi na tisa kwenye umeme wa magari, nilianza Tanga nikimshikia taa marehemu mjomba wangu. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Kabla hujatoa hata shilingi, tulijibu kwanza swali uliloliacha hewani: kwa nini haikuwaka? Jirani amesikia stata, kwa hiyo umeme ulifika. Injini ndiyo iliyokataa. Usiku wa leo chomoa ufunguo, kaa ndani gizani, tazama dashibodi. Ukiona kataa kekundu kanawakawaka chenyewe, inawezekana una imobilaiza na ndiyo iliyokuokoa. Ndani ya kile kichwa cheusi cha ufunguo kunakuwa na chipu ndogo isiyo na betri. Shingoni mwa swichi kuna koili ya duara. Ukichomeka, koili inaipa chipu umeme kidogo bila waya, chipu inataja namba yake, kompyuta ya gari ikiitambua ndiyo injini inaruhusiwa kushika. Namba isipotambulika, mwizi atazungusha stata mpaka betri iishe.

Kuhakikisha, nenda kwa mchonga funguo akuchongee wa chuma kitupu usio na chipu. Stata ikizunguka injini isishike, au ikashika ikazima pale pale, basi unayo. Ulaya gari mpya haziruhusiwi kuuzwa bila kitu hicho tangu 1998. Hizi zetu za kuagiza Japani hutofautiana, nimeshafungua IST mbili za mwaka mmoja, moja inayo na nyingine haina.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo watu wanapoharibikiwa. Utapeleka gari ukabadilishiwe swichi iliyovunjwa. Fundi mwenye haraka atakuuzia swichi nyingine yenye ufunguo wake, kisha ile chipu ya ufunguo wako wa zamani ataitoa na kuibandika kwa tepu pale pale kwenye koili. Gari itawaka vizuri, utalipa, utamshukuru. Kuanzia siku hiyo gari yako itawaka kwa ufunguo wowote unaozunguka, hata kwa bisibisi, kwa sababu chipu imelala humo humo muda wote. Nimeikuta hiyo kwenye magari mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mwenye gari hajui. Simama hapo hapo, mwambie chipu inahamia kwenye kichwa cha ufunguo mpya, kisha ijaribu na ule wa chuma kitupu kabla hujatoa hela.

Turudi kwenye swichi ya siri. Hofu yako ni ya haki, na sisi mafundi ndio tuliowafanya watu waiogope. Wengi wanakata waya mkubwa wa pampu ya mafuta, wanausokota kwa mkono, wanazungusha tepu nyeusi basi. Waya ule unabeba umeme mwingi. Joto la Dar likiingia, tepu inateleza, kiungo kinapata kutu, gari inazima katikati ya barabara. Halafu ukikata pampu, mafuta yaliyobaki kwenye bomba yanaweza kuiwasha gari ikasogea kidogo kabla ya kuzima.

Kwa hali yako mimi ningekata upande wa stata, ule waya mwembamba unaoiamuru rilei (swichi ya umeme inayoipa stata nguvu), siyo ule mnene. Sababu ni mbili. IST yako ni ya otomatiki, haiwaki kwa kusukumwa, kwa hiyo bila stata haendi mtu. Na gari ikishawaka, stata haina kazi tena. Hata swichi ife ukiwa Ubungo na mama ndani, injini haizimi. Utafika. Viungo vyote vilehemiwe, viingizwe kwenye mpira wa kubana kwa moto. Na mwambie akuwekee soketi ndogo ya dharura, waya mbili zenye vichwa vinavyoshikana kwa kubonyeza. Siku swichi ikigoma, unachomeka hivyo vichwa pamoja, gari inawaka kama vile swichi haijawahi kuwepo. Jizoeze kufanya hivyo umefumba macho.

Siri yenyewe. Siku ya kufunga usimtume kaka wala mdogo wako, nenda mwenyewe, na vijana wa gereji wasiwepo. Mimi huacha kama mita moja ya waya imekunjwa, namwonyesha mteja namna ya kupitisha, akifika nyumbani anaihamishia swichi mahali ambapo hata mimi sipajui. Kuna wenzangu wananiona mjinga kwa hilo. Ila nimeshahojiwa polisi mara moja kwa gari niliyoifunga mimi, na nilikuwa nasema kweli kwamba sijui swichi iko wapi. Nililala nyumbani.

Gari ile, RAV4, iliibiwa vipi? Kwa ufunguo wa akiba. Mwenyewe alikuwa anauacha kwenye droo ya ofisini pamoja na kadi halisi ya gari. Tulihangaika na waya siku nzima, mtu akaenda akafungua droo. Kwa hiyo dada, hesabu funguo zako leo. Ziko ngapi, ya pili iko wapi, nani ameishika mwaka huu? Mwosha magari, fundi, mlinzi wa maegesho? Kuchonga ni dakika chache. Ukimwachia mtu gari, mwachie ufunguo wa gari peke yake bila wa nyumba, na kadi halisi ilale ndani kwako, kwenye gari iwepo kopi.

Jambo la pembeni: ukipeleka gari kwa fundi wa ekzosi, kaa naye. Masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, yana soko kubwa kwa sababu ya madini yaliyomo, unaweza kuondoka na bomba tupu usijue mpaka uanze kusikia mlio umebadilika.

Chuma cha kufunga stelingi nunua, tena kile kizito, na ukifunge kila usiku hata ukiwa umechoka.

MamaWawili_Tabata

Fundi, Mungu akubariki. Nimekaa kwenye gari gizani na watoto wamebandika nyuso kwenye kioo wakishangaa. Kataa kekundu kapo! Kila siku nilikuwa nadhani ni ka saa. Leo mchana nimechongesha ufunguo wa chuma kitupu, elfu tano. Swichi yenyewe imevunjika kwa hiyo ilikuwa inazunguka vibaya, lakini stata ilizunguka, injini ikashika kama sekunde moja ikafa. Nilirudia mara tatu. Nilitaka kulia.

Ya chipu kubandikwa kwa tepu: yule fundi wa mtaani alishaniambia hivyo hivyo, "nakuwekea chipu kwa ndani, usihangaike na ufunguo". Alisema kama ananisaidia.

Funguo nilikuwa nazo mbili. Ya pili nimeitafuta siku mbili sijaiona.

Kongowea_Kodi

Pole dadangu. Mimi niko Mombasa, nakodisha magari madogo, na nitazungumzia GPS kwa sababu imeshanifunza kwa uchungu.

Mwaka juzi mteja alichukua gari langu siku tatu, kitambulisho safi, pesa taslimu. Siku ya pili usiku nikaona kwenye simu linapanda Mariakani, kisha Maungu, linaelekea Voi. Mkataba ulisema asitoke Mombasa. Nikaenda polisi nikapewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), tukalifuata. Tukakuta alama inatoka ndani ya lori la saruji lililoegeshwa. Kile kifaa kilikuwa kimeng'olewa chini ya dashibodi, kikaunganishwa na betri ndogo, kikatupwa juu ya turubai. Dereva wa lori maskini hajui lolote. Gari langu lilikuwa limeelekea njia nyingine kabisa, na hadi leo sijaliona.

Tangu siku ile kila gari lina vifaa viwili. Kimoja kimeunganishwa na umeme wa gari, hicho ndicho mwizi atakachokipata. Cha pili kina betri yake ndani, hakina waya hata mmoja, kinalala na kuamka mara mbili kwa siku kutuma mahali kilipo. Kwa kuwa muda mwingi kiko kimya, hata mwizi mwenye kifaa cha kunasa mawimbi hakioni kirahisi. Nimekificha mahali ambapo mtu lazima afungue kiti ili akifikie. Usikizungushie chuma juu, hakitaona anga.

Badili namba ya siri ya kiwandani. Vifaa vingi vya bei nafuu huja na 123456, na anayeijua namba ya laini pamoja na hiyo siri anaweza kukiamuru kwa ujumbe wa simu kama wewe. Laini iwe kwa jina lako, si la aliyekufungia. Na salio lisiishe! Nimeona watu wanalipa maelfu kununua kifaa, laini inafungwa kwa kukosa vocha ya mwezi.

FundiWaya

Naongezea hapo kwa ndugu yangu wa Mombasa. Vifaa hivyo vingi vina amri ya kuzima gari kwa simu. Mwambie fundi asikuunganishie. Mwanao akichezea simu, au mtu akiipata, gari inazimwa ikiwa barabarani.

Na dada, kuhusu ule ufunguo wa pili. Huo sasa si upotevu mdogo. Badilisha swichi nzima na vitasa vya milango kama hela inaruhusu, kisha mtafute mwenye mashine aifute chipu ya ufunguo uliopotea kwenye kompyuta ya gari. Wapo wanaofanya. Usipofuta, aliyenao bado ana nusu ya gari yako mfukoni.

Msuluhishi_Bima

Nafanya kazi ya bima, sitaji wapi. Dada, bosi wako hajakosea, ila amekupa nusu ya habari.

Bima kubwa kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Ukisema IST yako ni milioni 12, hiyo ni 420,000, ongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 495,600. Ile ndogo ya 118,000 hailipi gari yako ikiibiwa, inamlipa uliyemgonga. Kwa hiyo kwa laki sita bima kubwa ingekula karibu zote. Pia uliza mapema kama wanapokea gari ya umri huo, na kama vioo, taa na redio vikiibiwa peke yake vinalipwa. Wengine wanalipa gari zima tu.

Siku ya kudai utaombwa kadi ya gari, taarifa ya polisi, na funguo zote mbili. Zote mbili. Mtu asiye na ufunguo wa pili anaulizwa maswali magumu. Ukikiri uliacha ufunguo kwenye swichi ukaingia dukani, hapo hata kesi inakuwa ngumu. Na hata ukilipwa, malipo huchukua muda, na mama yako ana zamu tatu kwa wiki.

Hilo jaribio la wizi ulishalitolea taarifa? Nenda kituoni ufungue RB (namba ya taarifa ya polisi) hata kama hawakuchukua kitu. Piga picha namba ya chesesi, hifadhi kwenye simu na kwa mtu mwingine.

MamaWawili_Tabata

Narudi na mrejesho, wiki ya tatu sasa.

RB nimefungua. Swichi mpya na kufuta ufunguo uliopotea, 85,000, na nilisimama pale mpaka mwisho na ufunguo wangu wa chuma kitupu mkononi. Injini ilikataa, ndipo nikalipa. Swichi ya siri ya stata 60,000 kwa fundi wa mbali, Mbagala, si wa mtaani kwetu. Nikiwa peke yangu nimeihamisha Jumapili watoto wakiwa kanisani na shangazi yao. Soketi ya dharura nimeijaribu mara kumi usiku bila taa, naiunganisha ndani ya nusu dakika. Chuma cha stelingi 55,000. Kuchora namba na ribiti 20,000. GPS ya betri yake yenyewe 150,000, laini nimesajili mwenyewe kwa NIDA na alama za vidole, siri nimebadilisha. Jumla 370,000. Iliyobaki naiongezea polepole, bima ndogo ikiisha nikate kubwa.

Ila kubwa kuliko yote limetoka kwa jirani mwenye yule mbwa. Nilikwenda kumshukuru na kilo ya nyama kwa ajili ya mbwa wake, tukaongea, kumbe uwanja wake una nafasi ya gari moja zaidi. Tumekubaliana elfu thelathini kwa mwezi, ameniachia ufunguo wa geti saa zote kwa sababu ya mama. Sasa gari inalala ndani ya geti, mbwa analala chini ya boneti.

Fundi, swali moja la mwisho. Soketi ya dharura iko chini ya zulia upande wa abiria, na wakati wa mvua za masika maji huwa yanaingia pale mlangoni. Niihamishe?

FundiWaya

Ihamishe leo, dada. Ipandishe juu ya usawa wa kiti, ifunge kwa utepe wa plastiki isigongegonge, na vichwa uvipake grisi kidogo. Na usiniambie umeiweka wapi.